Kabati la Mboga

Siku hiyo Bwana Mkate alirudi kutoka kwenye tanuri jua likiwa limeshachoma, mkate wa moto ameukumbatia ndani ya gazeti, akakuta kiti cha mama mkwe wake kiko mlangoni na mama mkwe mwenyewe hayupo.

Akabisha hodi kwenye mlango wa chumba chake. Kimya. Akakohoa. Akabisha tena. Mtu huingii hivi hivi chumbani kwa mama mkwe wako, hata kama kodi ya chumba hicho unalipa wewe. Mwishowe akaenda kumwomba mama mwenye nyumba amchungulilie.

Mama mwenye nyumba alikuwa uani na ufagio wake. Wapangaji walimwita Mama Saruji, ila si mbele yake. Ua wote ule, kuanzia getini mpaka msalani, aliumwagia saruji mwaka aliofiwa na mumewe, na tangu hapo akawa anaufagia asubuhi, mchana na jioni, kama watu wengine wanavyofagia sebule.

"Humo hamna mtu," alisema bila kuinua kichwa. "Katoka na mkongojo wake. Nikamuuliza, Mama, wapi? Akaniambia ananyoosha mguu. Sasa mimi nani nimzuie mtu na mguu wake?"

Bwana Mkate akauweka mkate juu ya kile kiti, akatoka mbio.

Mguu huo ndio uliomleta mama mkwe mjini. Nyonga ilivunjika, daktari akaishika kwa vyuma, akasema kuchuchumaa marufuku, kuinama marufuku, jembe ndiyo kabisa. Mwanamke aliyelima tangu usichana wake akawa mgeni wa kukaa kwenye kiti. Binti yake alikuwa muuguzi. Kila asubuhi alikwenda kuuguza mama za watu, na mama yake mwenyewe akabaki kutwa na mkwe, ambaye kazi yake ilianza alfajiri ikaisha mapema. Nao wawili hao, kwa kuheshimiana, walikaa kama abiria wanaosubiri mabasi tofauti.

"Jamani, mnaongea lakini?" muuguzi aliwahi kumuuliza mumewe.

"Tunaongea."

"Mnaongea nini?"

"Tunasalimiana."

Bwana Mkate alimkuta mama mkwe mwisho wa mtaa, kando ya mtaro wa maji machafu. Alikuwa ameketi chini, mguu mbovu ameunyoosha mbele, mkongojo umeangukia mbali, mikono yote miwili imejaa majani. Kwenye ukingo wa mtaro, katikati ya mifuko ya plastiki, mche wa nyanya ulikuwa umejiotea wenyewe, naye alikuwa ameung'olea magugu pande zote mpaka ukabaki peke yake, msafi kama bi harusi. Kisha akashindwa kuinuka. Wapita njia wawili watatu walisimama wanatazama, wasijue wacheke au wasaidie.

Mapajani mwake kulikuwa na sarafu.

"Kuna kijana kapita kaniachia hii," alisema, akimwonyesha kwenye kiganja chenye udongo. "Kwa nini kanipa pesa, baba?"

Bwana Mkate alijua kwa nini. Akajifanya anautafuta mkongojo, ingawa ulikuwa palepale miguuni pake. Alipoupata akachuchumaa mbele ya mama mkwe wake na kumgeuzia mgongo.

"Panda, Mama."

"Nipande wapi?"

"Mgongoni."

"Wewe ni mkwe wangu."

"Ndiyo, Mama. Na huo mguu hauwezi kurudi kwa kutembea."

"Watu watatuona."

"Wameshatuona."

Alikuwa mwepesi kuliko gunia la unga, na hilo lilimtia huzuni zaidi ya ile sarafu. Alimbeba mtaa mzima, mbele ya kinyozi, mbele ya wauza genge, mbele ya fundi cherehani aliyeacha kukanyaga cherehani ili aone vizuri. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Walipokaribia getini ndipo sauti yake ilipotoka, karibu kabisa na sikio la mkwewe.

"Ule mche una maua tayari. Utakufa hivihivi, mbele za watu."

Tangu aje mjini, alikuwa hajawahi kumwambia maneno marefu kama hayo.

Jioni muuguzi aliposikia habari, hakujua aanze kulia au kugomba, akavifanya vyote kwa pamoja.

"Mama, unataka vyuma vitoke? Unataka nifukuzwe kazi nikae nikulinde?"

"Nirudisheni kwangu."

"Kwako nani atakutekea maji?"

"Mungu yupo."

"Mungu hana ndoo, Mama!"

"Hapa nakula, nalala, naamka, nakula," mama alisema taratibu, akiisukuma sahani ambayo hakuwa ameigusa. "Hata kuku anataga."

Bwana Mkate, aliyekuwa amekaa upande wa mlango kwa adabu, akaitazama ile sahani. Wiki zote hizo mama mkwe alikuwa anameza matonge mawili, anasema ameshiba, Mungu awabariki. Mikono ilikuwa inazidi kuwa vijiti. Bwana Mkate si daktari, lakini alijua kwamba mtu anaweza kuondoka huku bado amekaa kwenye kiti.

Kesho yake, kazi ilipoisha, alimwomba msimamizi wa kiwanda cha mikate zile chaga za mbao zinazokuja na magunia ya unga, ambazo zilikuwa zimevunjika na kutupwa nyuma ya tanuri, pamoja na viroba vitupu. "Chukua, hizo takataka tu," msimamizi akasema, akaenda zake. Lakini hakumwambia mlinzi. Getini mlinzi akamshusha mbao kichwani, akavikung'uta viroba kimoja kimoja mbele ya foleni ya wanunuzi, unga ukamrukia Bwana Mkate usoni.

"Kumbe huyu mikate haimshibishi, anakula na mbao," mteja mmoja akasema, na foleni nzima ikacheka. Ilibidi asimame pembeni mwa geti, mweupe kama mzimu, mpaka msimamizi aliporudi na kusema ni kweli. Mlinzi hakuomba radhi. Alisema, "Siku nyingine uwe unasema."

Hakurudi nyuma. Kwenye kibanda kilichobomolewa nyuma ya soko aliokota bati lenye kutu na matofali yaliyopasuka. Misumari aliing'oa kwenye zile chaga, akainyoosha kwa jiwe mmoja mmoja, na kidole gumba chake kikapata sehemu yake ya kipigo. Udongo aliupata palipokuwa pakichimbwa msingi wa nyumba. Mwenye mkokoteni alimletea kwa malipo ya mikate.

"Unatengeneza nini, jeneza?" mkewe alimuuliza.

"Kitanda."

"Si tunacho?"

"Cha mboga. Kama mama hawezi kuinama shambani, basi shamba lipande juu limfuate."

Mkewe akachukua kitambaa chenye maji, akamfuta unga uliokuwa umebaki nyuma ya sikio.

Kitanda kikasimama ukutani mwa ua, kipana, kirefu, kimetandikwa viroba ndani, kimejaa udongo mwekundu hadi ukingoni. Mama Saruji alikizunguka mara mbili, akasema, "Tone moja kwenye saruji yangu, tutaongea lugha nyingine." Mama mkwe akatolewa nje. Alivuta kiti, akaketi, akanyoosha mkono. Mkono uliishia njiani. Katikati ya kitanda kulikuwa mbali kama ng'ambo ya mto. Akagusa udongo, akausugua kati ya vidole, akautazama mkono wake.

"Kizuri," akasema. "Ahsante sana, baba."

Akarudi ndani.

Bwana Mkate angependa atukanwe. Shukrani ya namna ile aliijua: ni ya mteja anayeuminya mkate, anausifu, halafu anaurudisha mezani.

Mvua ilikuja mwisho wa wiki, kubwa, bila kutangulizwa na wingu la maana. Hakuwa ametoboa hata tundu moja chini. Kitanda kikajaa kama karai, mbao zikatanuka tumbo, na misumari ile ya kunyooshwa kwa jiwe ikaachia yote kwa mara moja. Udongo mwekundu ukateremka uani kama uji uliofurika sufuria, ukapita msalani, ukapita kambani pa nguo, ukaenda kutulia mlangoni kwa Mama Saruji, juu ya zulia lake la kufutia miguu.

Mama Saruji alitoka na mwavuli. Hakupiga kelele, na hapo ndipo wapangaji wote walipoogopa.

"Bwana Mkate," alisema, "ikifika Jumamosi sitaki kuona hata punje. Ama uondoe huo uchafu, ama uondoke nao."

Muuguzi alirudi kutoka zamu akakuta mumewe yuko kwenye mvua anazoa tope kwa sahani ya bati.

"Na mimi nimechoka!" alisema, amesimama na viatu mkononi. "Kutwa nzima niko na watu wanaonililia, nikirudi nyumbani nayo inaelea. Nani alikuelekeza kujenga hivyo?"

"Hakuna."

"Na ndani humo kuna mtu kalima maisha yake yote. Ungemuuliza!"

"Sasa mkwe unamuulizaje mambo ya..."

"Kwa mdomo! Unamuuliza kwa mdomo, mume wangu!"

Dirisha la chumba cha mama lilikuwa wazi. Wote wawili walijua kwamba amesikia.

Asubuhi iliyofuata, Bwana Mkate alipofika getini akitoka tanurini alisikia mlio wa brashi. Mama mkwe alikuwa katikati ya ua, amekaa juu ya kigoda, ndoo ubavuni, anasugua saruji. Akimaliza alipofikia mkono, anajisogeza na kigoda chake kidogo, anaanza tena. Nyuma yake saruji iling'aa kama sahani. Mama Saruji alikuwa amesimama mlangoni kwake, mikono kichwani.

"Mama, inatosha! Nakuomba. Watu watasema nini, nimemsugulisha mgonjwa?"

"Waambie nasafisha uchafu wa mkwe wangu," mama mkwe alijibu, akiendelea. "Kakosea kwa ajili yangu. Mtu akikosea kwa ajili yako, kosa ni la nani?"

"Mimi sikusema usafishe wewe."

"Ulisema hata punje. Mimi punje naziona. Macho hayakuvunjika."

Bwana Mkate akaenda kuichukua ile brashi. Mama mkwe akaivuta kwake. Wakabaki wameishika wote wawili, kila mmoja ncha yake, kama watoto.

"Mama, nipe."

"Kwanza sema ulichokuwa unataka kuniuliza jana."

"Nilikosea wapi, Mama?"

"Hukukosea wapi?" akasema mama mkwe. Halafu akacheka. Kicheko kilianza kidogo, puani, kikashuka tumboni, mpaka akaiachia brashi ili ajishike ubavu. Bwana Mkate hakuwahi kukisikia. Kilifanana kabisa na cha mkewe, na kikampata vibaya, akajikuta naye anacheka, na huku machozi yanataka kutoka.

"Umejenga kitanda cha bibi na bwana," mama alisema alipopata pumzi. "Mboga haitaki upana, inataka mkono ufike. Na maji umeyafungia ndani, yatokee wapi? Na huo udongo umetolewa chini sana, haujawahi hata kuliona jua. Lakini viroba ulivitandika vizuri. Hilo nilitaka kukwambia siku ile, nikaona haya."

Mama Saruji alikuwa bado amesimama. Akakohoa.

"Mkijenga tena," alisema, akiangalia pembeni, "maji yakitoka yatakwenda wapi?"

"Kwenye ndoo," akajibu mama mkwe. "Tunatandika bati chini, tunaliinamisha, linamwaga kwenye ndoo. Maji hayohayo tunamwagilia tena. Saruji yako hailoi, na chini utapitisha ufagio."

Mama Saruji akafikiri. Akaangalia ua wake, namna ulivyong'aa.

"Na lile kabati stoo kwangu mlitoe," alisema kwa ukali. "Milango imekufa, linanijazia nafasi tu. Sitaki kuliona humo tena."

Alikuwa ameshaingia ndani walipoelewa amesema nini.

Kabati liliwachukua siku mbili. Walililaza chali, likawa jembamba la kutosha mkono wa mama kuvuka upande wa pili. Mgongo wake ulikuwa plaiwudi tu, na mama akasema hiyo haibebi udongo hata wiki, basi Bwana Mkate akapanga mbao za zile chaga chini yake, zikakaa kama mbavu. Kimo alikitoa mama mwenyewe: aliketi kwenye kiti chake, akaweka kiwiko hewani, akasema "Hapa," na matofali ya kibanda yakapangwa mpaka hapo. Mkwe alichoma msumari motoni, akatoboa matundu huku moshi unamwingia machoni, na mama anahesabu, anasema bado, bado, hapo sasa. Chini wakaweka vigae vya matofali, juu yake majani makavu, maganda ya jikoni, majivu ya tanuri, kisha ule udongo wa msingi uliochanganywa na samadi ambayo mama aliibembeleza kwa mwenye mbuzi wa mtaa wa pili, akiwa amekaa palepale kwenye kiti na kumwita kila akipita.

"Mama anajua kuomba!" Bwana Mkate alimwambia mkewe.

"Wewe ulifikiri mimi nilijifunza wapi?"

Jioni hiyo, bila kumwambia mtu, Bwana Mkate alikwenda mtaroni na kopo. Mche wa nyanya ulikuwa umekanyagwa, shina limelala chini, maua yamepukutika. Akauchimba hivyohivyo kwa kijiko cha jikoni. Kinyozi akatoka nje. "Bwana Mkate, siku hizi na wewe unaokota?" "Naokota," alisema Bwana Mkate, akaendelea kuchimba.

Mama mkwe aliugeuza ule mche mikononi muda mrefu. Bwana Mkate akasema labda umeshakufa.

"Nyanya haifi upesi hivyo." Akachimba kwa vidole shimo la ulalo, akaulaza mche ndani, akaufukia mpaka karibu na ncha, majani machache tu yakabaki nje. "Shina likikutana na udongo linatoa mizizi. Tuliache."

Usiku huo hakuisukuma sahani. Muuguzi alimkanyaga mumewe mguu chini ya meza, maana yake asiangalie, asiseme kitu, asije akaharibu. Akaongeza chakula. Mama akala na hicho.

Kuanzia hapo nyumba ikawa na kelele. Mama aliamka kabla ya Mama Saruji, na mwenye nyumba hakupenda kushindwa kuamka uani kwake mwenyewe, kwa hiyo naye akawa anawahi. Alisema anakuja kukagua saruji. Alikuja na kigoda chake, akakagua mpaka chai ikapoa. Bwana Mkate akirudi kutoka tanurini anakuta mama mkwe kamsubiri na maneno ya asubuhi nzima: vitunguu vimechomoza, yule kunguru kaja tena, wewe baba ulimwaga maji mengi jana, mmea si mbuzi. Mikono yake ilikuwa na nyama tena. Nyanya ya mtaroni ilishika, ikapanda juu mpaka ikahitaji fito.

Ndipo daktari akasema mguu umeunga vizuri. Anaweza kurudi kwake, mradi asibebe mizigo.

Bwana Mkate alifurahi kama inavyotakiwa. Alimfungia mzigo, akamkatia tiketi, akampakia mikate ya njiani. Mama alikuwa na haraka kama msichana. Alikuwa na nyumba yake, shamba lake, majirani zake wa kugombana nao. Basi lilipoondoka, Bwana Mkate alisimama stendi mpaka vumbi likatulia.

"Mbona umekunja uso?" mkewe akamuuliza. "Si ndicho tulichokuwa tunakitaka, apone aende kwake?"

"Ndicho."

"Basi?"

"Basi nini? Nimesema ndicho."

Simu ilianza kulia siku ya pili. Mama alikuwa akimpigia mkwe. Umemwagilia? Umemwagilia asubuhi au mchana? Mchana! Unaichemsha? Hebu nyanya zimefika wapi, kiunoni au kifuani? Mpe mwenye nyumba, lakini asichague mwenyewe, anabonyeza. Muuguzi alikuwa anakaa pembeni, anangoja zamu yake ya kumsalimu mama yake, na mara nyingi salio liliisha kabla.

"Huyo ni mama yangu mimi," alisema siku moja, akijifanya kukasirika. "Mimi ndiye niliyezaliwa naye."

"Kaniambia nikusalimie."

Halafu simu zikapungua. Siku moja haikulia kabisa, na Bwana Mkate akapiga yeye, ikawa haipatikani. Akapiga tena, haipatikani. Hakumwambia mkewe. Aliunguza tanuri zima la mikate siku ile, na msimamizi akasema atamkata mshahara, na yeye akasema sawa bila kusikia kilichosemwa.

Alipokuwa anatoka kazini, simu ikalia kwa namba asiyoijua. Alikuwa kondakta wa basi, na hasira zake zilitangulia salamu.

"Wewe ndiye Bwana Mkate? Njoo stendi umchukue mama yako. Kanitolea namba yako kwenye karatasi, kaniambia hashuki mpaka uje, na hilo gunia lake la udongo limenichafulia mizigo ya watu!"

Alimkuta ameketi kwenye ngazi ya basi, mtandio mpya kichwani, mkongojo hana. Pembeni yake gunia limesimama kama mtu wa tatu, na mapajani ana boksi lenye miche midogo ya kijani iliyofunikwa kwa kitambaa chenye maji. Kondakta alikuwa anazungumza peke yake, amechoka kuzungumza naye.

"Mama! Simu yako..."

"Imekufa moto njiani. Salama, baba? Umekonda." Akalipiga gunia kofi. "Ule udongo wenu hauna mafuta. Nimekuletea wa kwangu. Bebeni polepole, una minyoo ndani, iko hai."

"Mama, daktari si alisema usibebe mizigo?"

"Nimebeba mimi? Kabeba huyu." Akamwonyesha kondakta kwa kidevu. "Tena kwa kununa."

Bwana Mkate akamlipa kondakta bila kubishana bei, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake. Akamshika mama mkwe mkono kumshusha, na yeye akauachia mkono ushikwe, mbele ya stendi nzima.

"Sasa, Mama," alisema Bwana Mkate, "umekuja kututembelea, au umekuja kukaa?"

Mama mkwe akafunua kitambaa kidogo, akakagua miche yake kama hakusikia.

"Nimekuja kupanda vitunguu," akasema. "Kitunguu kinataka miezi minne, na kukauka juu yake. Hesabu mwenyewe."